Dole Gumba Juu ya Swala

Mbeya, 2 Desemba 1954

Mvua imeanza kweli kweli. Nimenunua daftari hili kwa sababu Bwana Tarrant amenirudisha kazini, na mimi kazi nisiyoiandika naona sijaifanya.

Miaka kumi na minne nilikuwa mpima dhahabu dukani kwake Chunya. Wachimbaji walileta vumbi lao, nikalijaribu kwa tindikali, nikalipima, nikaandika, wao wakapiga dole gumba daftarini. Nimesimamia maelfu ya madole gumba. Langu mwenyewe, la kulia, lililiwa na tindikali mwaka 1939. Sasa Chunya imekwisha, duka limefungwa, na Bwana anakaa nyumba ya mawe chini ya mlima Loleza, macho yamejaa ukungu. Anataka kuuza sarafu zake kabla hajarudi kwao. Haoni, kwa hiyo macho ni mimi.

Sarafu zenyewe si za kununulia chumvi. Kila mwaka viwanda vya kupiga fedha, cha London na cha Pretoria kwa Makaburu, hutoa seti za kutazamwa tu. Zinang'aa kama kioo, kila sarafu imelala katika shimo lake la mahameli ndani ya kisanduku. Hazijaingia mfukoni mwa mtu. Bwana anavyo visanduku kumi na tisa. Mimi nitazame kimoja kimoja, niseme kipi kina thamani na kipi ni pambo.

Mke wangu Marta amecheka mpaka kashika ubavu. "Yaani unalipwa kwa kutazama fedha usiyoruhusiwa kuigusa? Si wangeniita mimi? Nimefanya kazi hiyo tangu uliponioa!"

Sikumwambia kwamba kati ya visanduku hivyo kimo kile cha 1948.

5 Desemba, Jumapili

Tupokigwe alinisubiri mlangoni pa kanisa. Huyu ni mjane wa mdogo wangu Saulo, anakaa Iyunga na mwanawe Alinanuswe.

"Ugonile, shemeji. Orodha umeshaianza?"

Nikamwambia bado mapema. Akasema, "Kila mwaka ni mapema, halafu inakuwa tayari imeandikwa."

Orodha anayoisema ni ya majina. Alfajiri ya Pasaka kanisa letu huenda makaburini na tarumbeta, na mchungaji husoma majina ya waliotutangulia. Hata aliyezikwa mbali husomwa. Anayeyaandika ni mimi, kwa sababu ni mzee wa kanisa na mwandiko wangu unasomeka. Jina la Saulo sijaliandika. Alikufa akiwa ametengwa na ushirika wa kanisa, na kanuni ni kanuni.

Amekwenda zake kwenye mvua bila mwavuli.

8 Desemba

Visanduku vitatu vya London. Safi. Mvua.

9 Desemba

Asubuhi nikiwa mezani kwa Bwana nilisikia ufagio barazani. Ufagio wa vijiti, taratibu, viboko virefu vitatu na kimoja kifupi. Nikatoka kumwambia anayefagia asipoteze nguvu, mvua inanyesha. Hakuna mtu. Bwana aliuliza mbona nimesimama mlangoni. Nikasema natazama hali ya hewa.

Viboko virefu vitatu na kimoja kifupi. Mtu mmoja tu nimemjua akifagia hivyo.

14 Desemba

Leo nimefungua kisanduku cha 1948. Heri niandike habari yake mara moja, nisiizungukezunguke.

Mwaka huo seti ilifika Chunya kutoka Pretoria. Ndani yake mna shilingi tano ya fedha, kubwa, Mfalme upande mmoja na swala upande wa pili. Bwana huzilaza zote Mfalme juu. Siku ya nne tangu ifike akafungua kisanduku, akakuta shilingi tano imelala swala juu. Akaniita. "Anania, nani ameshika?"

Funguo zilikuwa mbili, yake na yangu. Nikamjibu: "Anayefagia humu ni Saulo."

Sikusema neno la uongo. Anayefagia alikuwa Saulo. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo.

Saulo akaapa hajagusa. Bwana akamfukuza. Kanisani wakamtaka aungame, akakataa, akasema hawezi kuungama jambo asilolifanya hata wamchune ngozi. Wazee wakapiga kura ya kumtenga. Nilinyoosha mkono pamoja nao, maana ningeuficha wangesema namkingia ndugu yangu. Akajiandikisha kwenda migodini Kusini kwa Makaburu. Mwaka 1951 mwamba ukamwangukia chini ya ardhi, wakamzika hukohuko. Zilirudi blanketi, kikombe na barua.

Haya. Nimeandika.

Nimeipindua shilingi tano kwa kibano. Juu ya mgongo wa swala pana kiwingu, kama mtu aliyepulizia kioo pumzi. Miaka sita iliyopita hakikuwapo. Nilipomsimulia Bwana akapiga meza. "Nilisema imeshikwa! Mafuta ya kidole hayaonekani siku ile. Yanakula fedha polepole. Mvua ikiwa nyingi yatatoka yote, utaona."

15 Desemba

Ufagio tena.

25 Desemba

Krismasi. Marta kapika wali wa Usangu na kuku. Sikula vizuri.

3 Januari 1955

Kiwingu kimepata ukingo. Nimekitazama kwa kioo cha kukuzia asubuhi na mchana.

7 Januari

Bwana ana imani kubwa na visanduku vyake. Anaamini atauza anunue nyumba ufukweni kwao. Mimi nimeanza kumwonea huruma. Nimesoma karatasi zote zilizokuja na seti, na idadi iliyopigwa imeandikwa. Ile ya kumtawaza Malkia, ya 1953, ni maelfu na maelfu. Nani atakosa? Lakini ya 1948 ilipigwa kidogo. Kwa hesabu yangu ndiyo pekee humu inayoweza kumpa mtu fedha ya maana. Ndiyo hiyo yenye kiwingu.

19 Januari

Mvua siku sita mfululizo. Mahindi ya Marta yamelala.

2 Februari

Kina mistari! Si kiwingu tena. Ni dole gumba, limekaa juu ya swala kama lilivyobandikwa jana.

Niseme kweli, kwa kuwa daftari ni langu. Nilifurahi. Moyo ulinirukaruka kama wa kijana. Miaka sita watu wananitazama kwa jicho la pembeni, mjane ananisubiri milangoni, na ufagio huu usiokuwa na mtu. Sasa mtu mwenyewe amepiga dole. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Uliigusa, Saulo. Uliigusa, ukanifanya mbaya mimi."

Ufagio barazani ukanyamaza. Halafu ukaendelea.

6 Februari, Jumapili

Nimemwambia Tupokigwe baada ya ibada. Nilidhani atalia. Alinitazama tu, akauliza, "Ni lake?"

"La nani mwingine, mama Alinanuswe?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayejua madole ya watu."

Kisha akasema ana karatasi ya mkataba wa migodini, nakala aliyoachiwa Saulo. Saulo alipiga dole hapo, maana kalamu haikumkubali maisha yake yote. Akasema, "Nitakupa. Kama ni lake, nitanyamaza mpaka naingia kaburini. Kama si lake, utaliandika jina."

Nikasema sawa. Mchungaji Andendekisye alikuwa amesimama karibu, akasikia. Akasema, "Sawa hiyo mimi ni shahidi yake."

9 Februari

Kaleta karatasi imefungwa kwenye kitambaa, ndani ya kopo la chai. Akaniambia niishike pembeni. "Sina picha yake, shemeji. Nina hiki kidole."

10 Februari

Mvua. Sijailinganisha.

11 Februari

Sijailinganisha. Kazi nyingi.

14 Februari

Mvua.

16 Februari

Nimelinganisha.

La Saulo linazunguka, mduara ndani ya mduara, kama kiota cha ndege. La kwenye swala linapinda upande mmoja na kurudi. Hata mtoto angeona. Si lake.

Kuna jambo jingine. La kwenye swala lina upara katikati, mahali pasipo mistari, ukubwa wa punje ya mtama.

Huenda ni la Bwana. Mzee ameshika mengi.

17 Februari

Nimemwomba Bwana apige dole kwenye karatasi, nikamdanganya kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu. Akacheka, akapiga. Si lake.

18 Februari

Ufagio tangu nilipofungua mlango mpaka nilipofunga.

20 Februari, Jumapili

Nilitoka kanisani kwa mlango wa nyuma. Mzee mzima, kwa mlango wa nyuma! Marta kaniona. Njiani akaniambia, "Kuna kitu unakitafuna na hukimezi. Nani kakulazimisha?" Nikamwambia ashughulike na mahindi yake. Hajanisemesha tangu hapo.

1 Machi

Mvua.

8 Machi

Bwana ananituma Iringa. Yuko Mgiriki mmoja, mkulima wa tumbaku, anayekusanya seti tangu ujana. Nimpelekee zote azitazame aseme bei.

12 Machi, Iringa

Siku mbili njiani. Basi lilikwama matope njia ya Rujewa, tukashuka kusukuma. Mimi nimekumbatia sanduku kifuani, abiria wananisema, "Mzee, hata mtoto wa ukoo wa kifalme habebwi hivyo." Sao Hill baridi ilitaka kututoa roho.

Mgiriki ni mtu wa adabu. Kaniketisha kitini, kanipa chai, kisha akavaa glavu nyeupe za pamba na kufungua kisanduku kimoja kimoja. Kwa nyingi alikuwa akitikisa kichwa tu. Akaniambia, "Mwambie bwana wako asiumie. Hizi zilitengenezwa zitunzwe, na kila aliyenunua amezitunza. Kitu ambacho kila mtu anacho kizima, nani atalipa zaidi? Atapata alichotoa, pengine chini kidogo. Yenye thamani ni ile ambayo wenzake wameharibika au wamepotea."

Alipofika ya 1948 akavuta pumzi. Seti nzuri sana, akasema. Akapindua shilingi tano, akaipeleka dirishani chini ya kioo chake.

"Huyu aliyeshika," akasema, "dole lake liliungua."

Akanipa kioo nami nitazame. Nikakipokea kwa mkono wa kulia. Hakutazama sarafu tena. Alitazama mkono wangu ulioshika kioo, dole gumba langu juu kabisa, lenye upara wa tindikali. Alichukua kibano, akairudisha sarafu shimoni mwake, Mfalme juu, akafunga kifuniko polepole sana. Akaniuliza kama nitaongeza chai.

16 Machi, Mbeya

Nimerudi. Nina homa.

20 Machi

Homa. Marta ananinywesha uji na bado hanisemeshi.

25 Machi

Leo nimekwenda kwa Bwana mapema kabla hajaamka. Nilichukua kidau cha wino cha zamani, tulichowapakia wachimbaji madole kule Chunya. Nilipaka dole. Nilitaka yote matatu yakae chini ya kioo kwa pamoja, la sarafu, la Saulo na langu, nisipate pa kutorokea. Mkataba ulikuwa umetandikwa mezani. Nikabonyeza pale chini ya la Saulo.

Linapinda upande mmoja na kurudi. Upara katikati.

Niandike sasa ambalo sikuliandika tarehe kumi na nne Desemba, wala sikulisema mbele ya wazee, wala kwa Marta kitandani.

Niliipima. Seti ilipofika, sikuamini kwamba Makaburu wangeweka fedha halisi kwenye kitu cha kutazama. Mimi ni mtu wa mizani, kitu ambacho sijakipima kinaniwasha mwili mzima. Siku ya tatu, Bwana yuko machimboni, nikafungua kwa ufunguo wangu nikaichukua shilingi tano kwa kibano. Uzito ulikuwa sawasawa. Nikairudisha. Basi. Wala si wizi. Lakini nilirudisha swala juu, na Bwana alipouliza niliogopa kusema, mpima mkuu nionekane mpekuzi. Nikasema anayefagia humu ni Saulo.

Miaka yote nimejiambia nilishika kwa kibano, kwa hiyo aliyegusa kwa mkono ni mwingine. Nimejiambia mpaka nikaamini. Leo nimekumbuka kibano kikiteleza na sarafu ikiniangukia kiganjani. Ilikuwa baridi na nzito. Niliipenda. Nikaisukuma shimoni kwa dole.

Lo, mdogo wangu. Uliapa, nami nilikuwa nimesimama pale.

28 Machi

Nimemwambia Bwana. Alipapasa meza akitafuta kiko chake. "Uliipima?" Ndiyo, Bwana. Akacheka, si kwa ubaya. "Ungeniambia siku ile. Ningecheka hivi hivi."

Afadhali angenipiga.

30 Machi

Nimekwenda kwa Mchungaji Andendekisye. Hakunikemea. Aliuliza kama nataka alisome jina kimyakimya pamoja na mengine, watu wasijue sababu. Nilitamani sana kusema ndiyo. Nikamwambia hapana, alitengwa mbele ya watu. Akasema, "Basi utasema wewe, mimi sitakusaidia neno." Na kwamba baada ya hapo wazee watakaa kikao juu yangu.

Nimemwambia Marta pia. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka karai likajaa, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nampelekea Tupokigwe maziwa nikidhani ni sisi tunaomsamehe." Akainuka akatoka nje.

2 Aprili

Nimeandika orodha. Jina lake Saulo ni la kwanza.

10 Aprili, Pasaka

Ukungu ulikuwa mzito, hata misalaba ya safu ya pili haikuonekana. Tarumbeta zikapigwa. Kabla ya majina mchungaji akanitazama, nikasogea mbele. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yalinitoroka.

Nikasema, "Mwaka 1948 mlimtenga Saulo kwa kushika sarafu na kukana. Niliyeishika ni mimi. Na aliyekana ni mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja mzee alisonya, msonyo mrefu, ukasikika mpaka chini bondeni. Mchungaji akafungua karatasi yangu akasoma, "Saulo, aliyelala Kusini," na wote wakaitikia kama wanavyoitikia kwa kila jina. Tupokigwe alikuwa amemshika mtoto bega. Hakulia, wala hakunitazama. Alikuwa anatazama mdomo wa mchungaji, na jina lilipokwisha aliendelea kuutazama kana kwamba litasomwa tena.

Mchana wazee wamekaa. Nimetengwa, na uzee wa kanisa nimevuliwa. Kura ilikuwa ya wote. Ni haki.

12 Aprili

Mvua imepungua. Bwana hatauza seti ya 1948. Mgiriki ameiandikia bei ndogo, na Bwana amenipa ile shilingi tano peke yake, akasema ni yangu tangu zamani. Nikaifunga katika leso, nikachukua kopo lenye mkataba, nikaenda Iyunga kwa miguu.

Tupokigwe alikuwa anashona, kitambaa cha mtoto mapajani. Alinipa kigoda. Nikamwekea sarafu mbele yake, nikamwambia nimemletea, iwe yake, pengine iwe kumbukumbu kwa Alinanuswe. Nilijiona nafanya jambo kubwa.

Akaishika, akaigeuza upande wa swala, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hiki ni kidole chako, shemeji."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nifanye nini na kidole chako?" Akairudisha kwenye leso yangu. "Nipe changu."

Nikampa kopo. Akafungua kitambaa, akaikunjua karatasi kwa ncha za vidole, polepole, kama alivyonifundisha mimi. Halafu mikono yake ikasimama. Nilikuwa nimesahau. Namwapia Mungu, nilikuwa nimesahau kabisa. Chini ya dole la Saulo, linagusana nalo ukingoni, lilikuwa langu, jeusi, na upara wake katikati.

"Hata hapa," akasema.

Nikaanza kueleza, kwamba nilitaka yakae pamoja chini ya kioo, kwamba karatasi nyingine ilikuwa mbali. Aliniacha nieleze mpaka nikaishiwa. Kisha akachukua mkasi wake wa kushonea. Alikata taratibu sana, ulimi katikati ya meno, akipita pale yanapogusana asimpunguze Saulo hata mstari mmoja. Mmoja ukapungua, pembeni. Nilimwona akiuona. Akakunja karatasi, akairudisha kwenye kitambaa, kopo likafungwa. Kile kipande changu akanipa mkononi.

"Nenda salama, shemeji," akasema, akashika nguo yake akaendelea kushona.

Nimekibandika kwa ugali hapa chini ya ukurasa. Ukitazama kwa kioo, ukingoni upande wa juu, utaona mstari mmoja mfupi uliopinda, ambao si wangu.